Wagonjwa wa Sukari na Baisikeli ya Mlimani

Ninyi mnaokaa milimani mwaijua kazi ya baisikeli, ile tunayoiita kinga. Kuipandisha kilima ni jasho, kuiteremsha ni hatari. Sasa mfikirini mtu anayeiendesha kutwa nzima katika njia za mawe na matope, kilometa mia na zaidi, naye ana ugonjwa wa sukari wa namna ya kwanza, ambao kabla ya mwaka 1922 uliua karibu kila mtoto aliyeupata.

Watu wakisikia habari hiyo husema moja la maneno mawili. Wengine husema: «Dawa imemponya.» Wengine husema: «Huyo amezaliwa na nguvu kuliko wenziwe.» Wote wamekosa. Dawa haikumponya, maana akiiacha siku chache tu atakufa. Wala nguvu peke yake hazimfai, maana kadiri anavyozitumia ndivyo anavyoweza kuanguka upesi. Kinachompandisha mlima ni kitu cha tatu, nacho ni kipimo. Tunataka kuwasimulia jinsi watu walivyofika kukijua kipimo hicho, kwa kuwa habari hii yawahusu watoto wetu pia.

Ugonjwa wa zamani

Ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Katika karne za kwanza baada ya Kristo, mganga mmoja Mgriki, Aretaeus wa Kapadokia, aliwaandika wagonjwa wake: wana kiu isiyokwisha, wanakojoa bila kukoma, wanakonda kana kwamba miili yao yayeyuka na kutoka pamoja na mkojo. Mwaka 1776 Mwingereza Matthew Dobson alikausha mkojo wa mgonjwa juu ya moto, akaona kwamba kilichobaki ni sukari. Mwaka 1869 Mjerumani Paul Langerhans alitazama kongosho, yaani kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, akaona ndani yake vifungu vidogo vilivyotengwa kama visiwa ziwani. Hakujua kazi yao. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo wake ukaonekana kuwa na sukari. Basi ikajulikana kwamba ugonjwa wa sukari watoka kwenye kongosho.

Mwaka 1909 Mbelgiji Jean de Meyer akalipa jina lile jambo lisiloonekana bado: akaliita insulini, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Jina lilipatikana kabla ya kitu chenyewe.

Kazi ya insulini yaweza kuelezwa hivi. Fikirini nyumba yenye magunia ya unga mlangoni, na walio ndani wanakufa njaa kwa kuwa mlango umefungwa. Unga ni sukari iliyo katika damu, walio ndani ni nyama za mwili, na ufunguo ni insulini. Katika ugonjwa wa namna ya kwanza, mwili wenyewe huviharibu vile visiwa vya Langerhans, hata ufunguo haupatikani tena. Ugonjwa huu hushika zaidi watoto na vijana, wala hautokani na kula vitu vitamu. Katika namna ya pili, inayoshika zaidi watu wazima, ufunguo upo, lakini kufuli limekuwa gumu. Mwingereza Harold Himsworth ndiye aliyeonyesha mwaka 1936 kwamba namna hizo mbili si moja.

Njaa badala ya dawa

Kabla ya insulini, waganga walikuwa na njia moja tu ya kumchelewesha mtoto asife: kumnyima chakula. Huko Marekani, Frederick Allen alijulikana sana kwa njia hiyo. Mtoto alipewa mboga zilizochemshwa mara nyingi, yai, nyama kidogo, na siku nyingine hakupewa kitu. Walimu wa njia hiyo hawakuwa watu wakatili. Walijua kwamba mtoto akila atakufa mapema, na asipokula atakufa baadaye. Wakachagua baadaye, wakitumaini kwamba labda dawa itapatikana.

Kati ya watoto hao alikuwa Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nchi za nje wa Marekani. Alishikwa na ugonjwa mwaka 1919, alipokuwa na miaka 11. Mwaka 1922 alikuwa amekaribia miaka kumi na mitano, na uzito wake ulikuwa kama kilo 20 tu. Mtoto kama huyo hata ngazi za nyumba zilikuwa mlima kwake. Ni nani angempa baisikeli?

Habari ya Toronto

Katika mwaka 1921 mganga kijana, Frederick Banting, alifika katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchi ya Kanada, mwenye wazo moja na fedha chache. Profesa John Macleod alimpa chumba, mbwa wa kujaribia, na mwanafunzi wa kumsaidia, Charles Best. Baadaye akaja James Collip, fundi wa kusafisha dawa. Wanne hao hawakupatana sana, nao waligombana. Lakini kazi yao iliwashinda magomvi.

Tarehe 11 Januari 1922 waliichoma dawa yao mwilini mwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akifa katika hospitali ya Toronto. Dawa ilikuwa na uchafu, haikufaa. Collip akaisafisha tena, akifanya kazi usiku na mchana. Tarehe 23 Januari wakarudia. Safari hii sukari ikashuka, kijana akapata nguvu, naye akaishi hata mwaka 1935. Elizabeth Hughes naye alipata insulini mwaka huo wa 1922. Akakua, akaolewa, akazaa watoto, akafa mwaka 1981.

Banting na Macleod walipewa tuzo la Nobel mwaka 1923. Banting akamgawia Best fedha zake, na Macleod akamgawia Collip. Hapo tutaje jambo moja ambalo msomaji asilisahau, kwa kuwa tutalirudia mwishoni: wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu haki zao juu ya dawa hiyo kwa dola moja kila mmoja. Hawakutaka mtu mmoja aifungie sandukuni.

Mganga aliyekuwa mgonjwa

Mtoto hakufa tena. Lakini je, aweza kukimbia? Aweza kulima, kuogelea, kupanda baisikeli? Mmoja wa waliojibu swali hili alikuwa mganga Robin Lawrence, mwana wa mji wa Aberdeen, Uskoti.

Lawrence alikuwa akijifunza upasuaji. Siku moja kipande cha mfupa kiliruka kikampiga jichoni. Jicho likaoza, na waganga walipompima wakakuta ana ugonjwa wa sukari. Huo ulikuwa mwaka 1920, kabla ya insulini. Alipoona kwamba kifo chakaribia, akaenda kukaa Florence, Italia, ili ndugu zake wasimwone akifa. Mwaka 1923 rafiki yake wa hospitali ya King's College, mjini London, akampelekea simu kumwambia kwamba insulini imefika, inafanya kazi, arudi upesi. Lawrence, ijapokuwa hana nguvu, akarudi kwa motokaa toka Italia hadi Uingereza, akachomwa sindano yake ya kwanza siku ya 31 Mei.

Mtu aliyepona kaburini namna hiyo angeweza kukaa kitini na kujitunza. Lawrence hakukaa. Alijitazama mwenyewe kama mwalimu atazamavyo daftari la mtoto. Mwaka 1926 akaandika alichokiona: mtu akichoma insulini, kisha akafanya kazi ya mwili, sukari yake hushuka zaidi kuliko akipumzika kwa kipimo kile kile cha dawa. Kwa mafundisho hayo mgonjwa alipata furaha na onyo pamoja. Furaha: kazi ya mwili husaidia dawa. Onyo: aliyechoma sindano kisha akaenda kulima bila kula, aweza kuanguka shambani.

Sababu yake ndiyo hii. Mtu mwenye afya akianza kukimbia, kongosho lake hupunguza insulini papo hapo. Bali insulini iliyochomwa kwa sindano haisikii amri. Ikiisha kuingia chini ya ngozi yaendelea na kazi yake, na misuli nayo yavuta sukari kwa nguvu. Wavutaji ni wawili, kamba ni moja. Ndipo mikono hutetemeka, jasho la baridi hutoka, macho hufifia, mtu hunena maneno yasiyo na maana, na asiposaidiwa huzimia.

Mwaka 1934 Lawrence pamoja na mwandishi H. G. Wells, aliyekuwa mgonjwa pia, walianzisha chama cha wagonjwa wa sukari cha Uingereza. Lawrence alikufa mwaka 1968, miaka 48 baada ya kuambiwa ana ugonjwa.

Toka mkojo hata damu

Lakini kujua kwamba sukari hupanda na kushuka si kuiona. Miaka mingi wagonjwa walipima mkojo tu: wakauchemsha pamoja na dawa katika kichupa, wakatazama rangi. Njia hiyo iliwaambia habari za saa zilizopita, tena kuhusu sukari iliyozidi tu. Juu ya sukari iliyopungua haikusema neno. Ni kama mtu anayesafiri usiku, taa yake ikimulika nyuma.

Karibu na mwaka 1970 chombo cha kupima sukari kwa tone la damu kilianza kutumiwa huko Marekani. Kilikuwa kizito na ghali, kimewekwa kwa ajili ya waganga. Mhandisi mmoja mgonjwa, Richard Bernstein, alikipata kwa njia ya mkewe aliyekuwa mganga, akaanza kujipima nyumbani mara nyingi kwa siku. Wenye elimu hawakumsikiliza kwanza. Ndipo akaenda kusoma uganga mwenyewe, hali ni mtu mzima. Katika miaka ya 1980 vyombo vidogo vikaenea, mtu akajipima mwenyewe mahali popote. Pampu ndogo za insulini, zinazovaliwa kiunoni, zilianza katika miaka ya 1970. Tangu mwaka 1999 vikatokea vipimo vinavyobandikwa ngozini, vya kufuatilia sukari usiku na mchana.

Baisikeli ya mlimani yazaliwa

Katika miaka ile ile kulikuwa na vijana wengine, kaskazini ya San Francisco, nchi ya Marekani, wasiofikiri juu ya ugonjwa wowote. Walichukua baisikeli kuukuu zenye matairi manene, wakazitelemsha mbio katika mlima Tamalpais. Mashindano yao maarufu yalianza mwezi wa Oktoba 1976, nayo yaliitwa Repack, kwa kuwa breki za nyuma ziliwaka moto hata grisi ikaungua moshi, na baada ya kila mteremko ilibidi kujaza grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baisikeli zenye fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1996, huko Atlanta, mchezo huo uliingia katika Olimpiki.

Baadaye mashindano yakawa marefu. Huko Leadville, mji wa milima ya Colorado ulio juu ya meta 3,000, tangu 1994 watu hushindana kwa baisikeli maili 100, yaani kilometa 160, kwa siku moja. Huko Afrika ya Kusini, mashindano ya Cape Epic yalianza mwaka 2004, watu wawili wawili, siku nane mfululizo.

Kwa mgonjwa wa sukari, baisikeli ya mlimani ni shule kali kuliko ya barabarani. Katika kupanda polepole kwa saa nyingi, sukari hushuka. Katika kukazana ghafula, mwili humwaga sukari ndani ya damu, nayo hupanda. Katika mteremko wa mawe hawezi kuuachia usukani ili ale au ajipime. Na kama mikono imeanza kutetemeka hapo, yuko hatarini. Mwituni hamna duka wala motokaa. Insulini ikipata jua kali huharibika, na ikiganda kwa baridi haifai tena. Na baada ya safari, usiku, mwili hujirudishia akiba yake, na sukari yaweza kushuka mtu akiwa usingizini.

Kwa hiyo mwendeshaji wa namna hiyo hujipanga mapema. Kwa shauri la mganga wake hupunguza insulini kabla ya kuondoka, wala haiachi kabisa. Mara nyingi hula kati ya gramu 30 na 60 za vyakula vya wanga au sukari kila saa moja. Hujipima kabla ya mteremko, si katikati yake. Akikuta sukari imezidi sana na mkojo wake una asetoni, haendi safari hata kama wenzake wamekwisha panda. Na mwenzake mmoja lazima ajue dalili zake na mahali alipoweka sukari yake. Ndicho kipimo tulichokitaja mwanzoni.

Vijana wawili na dau lao

Walioionyesha dunia nzima jambo hilo walikuwa waendeshaji wa barabarani, nao tuwataje. Phil Southerland alizaliwa mwaka 1982 katika Marekani, akashikwa na ugonjwa akiwa na miezi saba. Mama yake aliambiwa na waganga kwamba mtoto hatafika miaka 25, au atakuwa kipofu. Mama huyo hakumfungia ndani. Alimpima, akampima tena, akamwacha acheze.

Alipokuwa mwanafunzi wa chuo, Phil alikutana na mwendeshaji mwingine mwenye ugonjwa ule ule, Joe Eldridge, asiyejitunza vizuri. Wakawekeana dau: kila walipokaa kula walijipima, na mwenye sukari mbaya zaidi alilipia chakula. Joe alilipa mara nyingi, mpaka akachoka kulipa, akaanza kujitunza. Dau dogo kama lile lilifanya kazi ambayo maonyo mengi hayakuifanya.

Mwaka 2005 wakaanzisha kundi waliloliita Team Type 1. Mwaka 2006 waendeshaji wanane, wote wagonjwa wa sukari, waliingia mashindano ya kuvuka Marekani toka pwani moja hata pwani nyingine, kama kilometa 4,800, wakipokezana usiku na mchana. Wakawa wa pili, wakishindwa kwa dakika chache. Mwaka 2007 wakarudi, wakawa wa kwanza, chini ya siku sita. Mwaka huo Phil alitimiza miaka 25, ule mwaka ambao waganga walisema hataupita. Toka 2013 kundi lao, kwa jina jipya la Team Novo Nordisk, likawa la waendeshaji wa kulipwa ambao wote wana ugonjwa wa sukari wa namna ya kwanza.

Jirani zetu wa Rwanda

Habari hizi zilifika karibu nasi. Tom Ritchey, yule mtengeneza fremu, alikwenda Rwanda mwaka 2005, akawaona wakulima wakipandisha mizigo kwa baisikeli, hata za mbao. Akasaidia kuleta baisikeli zilizofaa kubebea kahawa, na kuanzisha kundi la waendeshaji. Mmoja wao, Adrien Niyonshuti, aliendesha baisikeli ya mlimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Na mwaka 2011 kundi la Team Type 1, lililokuwa na wagonjwa na wazima pamoja, lilikuja kushindana katika Tour du Rwanda. Mshindi wa mashindano yote alikuwa mtu wa kundi hilo, Kiel Reijnen, asiye na ugonjwa huo. Mgonjwa na mzima walivaa nguo moja, wakavuta upepo kwa zamu moja.

Na kwetu?

Huenda msomaji atasema: «Habari za wenye mali hizo. Mtoto wangu hana pampu wala kipimo cha kubandika ngozini.» Ni kweli, wala hatutaki kuificha kweli hiyo. Dawa iliyouzwa kwa dola moja ili isifungiwe, mahali pengi pa Afrika mpaka leo ni ngumu kupatikana. Na mtoto asiyeipata anakufa vile vile kama walivyokufa watoto kabla ya mwaka 1922. Lazima jambo hilo liumize moyo wa kila mtu anayejua historia hii.

Lakini mambo mengine hayangojei mali. Mtoto akianza kukojoa usiku kitandani hali alikuwa ameacha, akinywa maji bila kutosheka, akikonda huku anakula, tusiseme ni malaria tena, wala tusitafute aliyemloga. Tumpeleke hospitali siku ile ile, tuombe apimwe sukari. Akipewa insulini, tusiiache siku hata moja kwa sababu ameonekana mzima. Ameonekana mzima kwa sababu ya insulini. Mahali pasipo friji, tuihifadhi kivulini, ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa katika chungu kingine chenye mchanga uliolowa maji. Mwalimu wake na rafiki zake wajue kwamba akitetemeka na kutoka jasho apewe sukari au maji matamu mara moja, akiwa bado aweza kumeza. Akizimia, asimiminiwe kitu kinywani, bali akimbizwe kwa mganga.

Tena tusimfungie ndani. Mtoto anayekatazwa mpira, mto na baisikeli atajifunza kwamba yeye ni nusu mtu, na siku atakapokuwa mkubwa ataichukia hata sindano yake. Afadhali afanye kama Lawrence: ajitazame, ahesabu, aandike katika daftari alichokula, alichochoma, kazi aliyofanya, na jinsi alivyojisikia. Mfukoni awe na sukari, njiani awe na mwenzake. Ndipo apande kilima chake, polepole, kwa kipimo, na jioni arudi nyumbani kula pamoja na ndugu zake.